Tulikuwa Tunasafirisha Hewa: kisa cha matita ya mabua, kutoka Busisi hadi Buhongwa

Tita la kwanza lilifumuka kabla Canter haijatoka shambani. La pili na la tatu yakafumuka barabarani, na tulipofika kwenye foleni ya kivuko cha Busisi nyuma yetu kulikuwa na mstari wa mabua unaoonyesha tulikopita, kama mtu aliyetobokewa na gunia la mchele. Utingo alishuka, akayatazama yaliyobaki juu, akamgeukia shangazi yangu: "Mama, huu mzigo wako ni upepo mtupu. Gari halijalemewa hata kidogo."

Ilikuwa Julai 2024. Wakati ule nilimwona utingo mropokaji tu. Mwaka mzima baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ametaja tatizo lote kwa sentensi mbili.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Karakana yangu iko Nyakato, Mwanza, na kazi zangu ni mageti, madirisha, vitanda vya mabweni na matela ya trekta. Kilimo changu ni cha kuvutwa na ndugu. Shangazi yangu anafuga ng'ombe watatu wa maziwa Buhongwa, jijini Mwanza hapohapo, na ana ekari tatu za mahindi ng'ambo ya ghuba ya Ziwa Victoria, upande wa Busisi wilayani Sengerema. Nyumba zimejaa Buhongwa, hakuna pa kuchungia. Kuanzia Juni hadi mvua za Oktoba majani ya pembezoni mwa barabara hukauka, na kila mwenye ng'ombe wa ndani anayafukuzia yaleyale machache. Yeye akaona: nina mabua yangu mwenyewe, kwa nini ninunue hei, majani ya kukaushwa?

Kwa majirani wa shamba hilo lilikuwa jambo la ajabu. Kawaida ya Usukuma ni kwamba mahindi yakishavunjwa, shamba hufunguliwa na ng'ombe huingia wenyewe kula mabua palepale yalipo. Hakuna anayeyakata, hakuna anayeyafunga, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa na chombo cha kufungia. Babu anayetutunzia shamba alicheka siku ya kwanza. "Mayu (mama), unabeba mabua kupeleka mjini? Huko hawana miti ya kuni?" Lakini alikubali, akatafuta vijana wawili, kazi ikaanza kwa mikono na magoti.

Magoti nasema kwa maana yake halisi. Walilaza kamba chini, wakapanga mabua juu yake kiasi cha kukumbatiwa na mtu mmoja, kisha kila kijana akakandamiza la kwake kwa goti huku anafunga. Tita likiwa chini ya goti lilionekana gumu. Goti likiondoka, mabua yanapumua. Nilipopima matita yaliyofika Buhongwa salama, kipenyo kilikuwa kama sentimita 55, na ungeweza kupitisha ngumi mbili kati ya kamba na mabua. Tita moja lilikuwa na uzito wa kilo 12 hivi. Canter ilibeba matita 30 kwa safari, yaani kilo 360, kwenye gari linalobeba tani tatu za saruji bila kulalamika. Kwa shilingi 100,000 kila safari, na safari sita kumaliza matita 180, shangazi alilipa 600,000 kusafirisha mabua ambayo shambani yalikuwa ya bure. Ukigawanya, kila kilo ilimgharimu karibu shilingi 280 kwa usafiri peke yake. Kwa bei hiyo anaanza kukaribiana na mwenye kuuza marobota ya hei, tena hei ina lishe kuliko mabua.

Tulikuwa tunasafirisha hewa.

Kuna hesabu moja ya mduara nilitamani vijana wangu wa karakana waielewe, nikawachorea kwa chaki sakafuni. Tita la kipenyo cha sentimita 55 ukilibana likawa la 40, nafasi linayochukua inapungua hadi karibu nusu, kwa sababu eneo la duara linafuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe: 1,600 kwa 3,025. Mabua ni yaleyale, kilo ni zilezile. Lakini ili kufika hapo kamba inayozunguka tita lazima ifupike kutoka sentimita 173 hadi 126. Yaani lazima uvute sentimita 47 za kamba, na mwisho wa mvuto ndio mgumu kuliko wote. Shikilia hizo 47, maana ndizo zilizoniaibisha.

Kabla ya aibu hiyo kulikuwa na msiba. Kamba tulizotumia 2024 zilikuwa mabaki: vipande vya manila ya plastiki na nyuzi za nyavu kuukuu, ambavyo kandokando ya ziwa hupatikana bila kununua. Wakati wa kulisha, vijana wa bandani walikata kamba kwa kisu, wakatupa tita horini, na vipande vingine vikabaki humo. Mwezi wa kumi ng'ombe mmoja, yule mweusi, akaacha kula. Tumbo la kushoto likajaa, akawa anacheua kidogo kisha hacheui kabisa. Alichomwa sindano, akanyweshwa mafuta, hakupona. Ilibidi achinjwe. Mchinjaji alipopasua tumbo kubwa akatoa donge la nyuzi za rangi ya bluu na kijani lililosokotana na majani, kubwa kama kiota cha ndege. Shangazi hakusema kitu. Alilichukua, akaliosha kwa maji ya bomba, akaliweka juu ya ukuta wa banda. Bado liko pale.

Kwa hiyo 2025 iliponifikia, kazi ilikuwa na masharti mawili. Tita libanwe, na kinacholifunga kiwe kitu ambacho ng'ombe akikimeza hakitamuua kama kile.

Mtambo wangu wa kwanza

Sharti la pili nililiacha kwa Babu, aliyesema mara moja: "Katani." Sharti la kwanza nililichukua mimi kwa kujiamini kwa fundi. Nikatengeneza wenzo. Bomba la inchi moja lenye urefu wa sentimita 90, kichwani nikachomelea nguzo ya nondo ya kuegemea kwenye tita, na sentimita 9 kutoka hapo nikaweka kulabu ya kushika kamba. Hesabu yake ilikuwa tamu: moja kwa kumi. Kijana akivuta kwa nguvu ya kilo 20, kamba inavutwa kwa karibu kilo 200, toa kidogo ya msuguano. Nilikipaka rangi ya kijivu. Nilikipenda sana.

Kwenye tita halisi kilishindwa kwa namna tatu, na kila moja ilinifundisha.

Cha kwanza ni zile sentimita 47. Wenzo unaokupa nguvu mara kumi unakupokonya mwendo mara kumi. Mkono wa sentimita 9 ukiuzungusha kadiri uwezavyo, unavuta kamba sentimita 15 hivi. Baada ya hapo lazima ulegeze, usogeze kulabu mbele, uvute tena. Mara nne kwa kila tita! Na kila ukilegeza, mabua yanarudisha sehemu ya ulichochuma. Kufunga tita ambalo halijabanwa hakuhitaji nguvu mara kumi mwanzoni. Kunahitaji mwendo mrefu, mwepesi, kisha nguvu kidogo mwishoni. Nilikuwa nimetengeneza chombo cha kung'oa kisiki, nikakipeleka kufunga mabua.

Cha pili kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu hata tita lililobanwa vizuri lilitoka limelegea. Kamba niliyoivuta kwa wenzo ndiyo hiyohiyo niliyotaka kuifunga fundo. Ili ufunge, ncha lazima itoke kwenye kulabu. Ikitoka, tita linapumua. Tulijaribu kumwita mtu wa tatu ashike kwa vidole pale kamba inapokutana wakati wa pili anafunga. Vidole vyake viliminywa, akaachia, tukaanza upya.

Cha tatu ni kwamba kulabu iliteleza na mpini ukarudi kwa kasi yote uliyokuwa umeikusanya, ukampiga kijana kidevuni. Alishonwa nyuzi tatu. Nililipa matibabu na siku zake nne za kukaa nyumbani, na wenzo nikaurudisha Nyakato siku hiyohiyo. Sasa unashikilia mlango wa stoo.

Kamba inayobana si kamba inayofunga

Baada ya hapo fundi mwenzangu mmoja, mpenzi wa zana za kale, alinionyesha picha ya kifaa kilichotumika Marekani kufungia mahindi. Huko, kabla ya mashine za kuvunia kuenea, mkulima alikata mahindi kwa kisu kirefu, bua pamoja na gunzi lake, akayasimamisha shambani katika lundo la umbo la msonge. Mara nyingi alichukua eneo la mashina 12 kwa 12 kwa kila lundo. Katikati aliacha mashina manne bila kuyakata, akayapinda vichwa na kuyafunga pamoja, ili mabua mengine yapate pa kuegemea. Lundo likikamilika lilifungwa kiunoni, likakaa hapo hadi baridi, na mahindi yalimenywa baadaye kwa nafasi. Sisi huvunja mahindi kwanza, bua likabaki, kwa hiyo tita letu ni chakula cha ng'ombe tu. Kwao ndani ya lile lundo kulikuwa na riziki ya mwaka ya binadamu pia, wala si ajabu kwamba waliumiza kichwa kuhusu namna ya kulifunga.

Vifaa vyao vya mkono vilikuwa vya aina nyingi. Kimoja kilikuwa mti wenye ncha unaochomekwa ndani ya lundo, kamba inazungushwa lundoni kisha inasokotwa kwenye mti huo kwa mkono wa kuzungushia. Kingine kilikuwa chepesi cha kuchekesha: kamba yenye pete upande mmoja. Unaizungusha, unapitisha ncha ndani ya pete, unavuta kwa uzito wa mwili wako wote. Nikasema, hii nayo ni zana? Kisha nikatazama vizuri. Katika vyote viwili, kamba ile nene haikubaki kwenye lundo. Ilibana, ikashikilia, na wakati imeshikilia, uzi mwembamba ulifungwa pembeni yake kwa utulivu. Kisha kamba nene iliachiwa, ikahamia lundo linalofuata.

Hapo ndipo nilipojigonga paji la uso. Nilikuwa nimetafuta nguvu, kumbe kilichokosekana ni kitu cha kushikilia. Kazi ni mbili na nilizilazimisha ziwe moja. Tenganisha kamba ya kubana na kamba ya kufunga, na lile tatizo la mtu wa tatu linakufa lenyewe.

(Mashine ilifika mapema kuliko nilivyodhani, kusema kweli. John Appleby wa Wisconsin alitengeneza mdomo wa chuma unaopiga fundo wenyewe miaka ya 1870, ukatiwa kwenye mashine za kuvunia ngano, na miaka ya 1890 zikaja mashine za kukata na kufunga mahindi zinazokokotwa na farasi. Lakini mwenye shamba dogo aliendelea na kamba yake yenye pete. Waamishi wa Ohio hadi leo wanasimamisha mahindi kwa misonge shambani.)

Kilichobaki ni namna ya kuishikilia kamba ya kubana bila mtu. Hilo alilimaliza utingo, yule yule wa "upepo mtupu", ambaye mwaka huo alikuja tena na Canter. Alinitazama nikipambana na pete, akachukua kamba, katikati yake akapiga kitanzi, akapitisha ncha kwenye pete, akairudisha ndani ya kitanzi na kuvuta kuelekea chini. Wanavyofunga turubai kila siku. Kitanzi kinafanya kazi ya kapi: unavuta kwa mkono mmoja, mzigo unahisi kama mikono miwili. Kisha akabana makutano kwa kidole gumba, kamba ikajikwamisha yenyewe. "Fundi, sisi hatuna wenzo. Tukiwa na wenzo tutalala njiani, Usagara."

Nilichoongeza ni kitu kidogo sana: kipande cha chuma bapa, urefu wa sentimita 12, nilichokikata ufa wenye umbo la V kwa grainda na kusugua kingo zake zisile kamba. Kinakaa mwisho wa kamba pamoja na pete. Ukishavuta, unaangusha kamba ndani ya ufa, nayo inajibana yenyewe kama kabari. Kadiri tita linavyosukuma, ndivyo inavyozama. Kuiachia, unaivuta juu kwa pembe, inatoka. Vijana wanaiita kabari, jina limebaki. Kifaa kizima ni mita tatu za kamba ya milimita 10, pete, kabari, na kijiti cha kushikia ili kamba isichane viganja. Hakifiki kilo moja. Ardhini tulipigilia nguzo nne fupi, mbilimbili zilizopishana kama mkasi uliofunguliwa, mabua yakalazwa humo badala ya chini. Hiyo peke yake iliondoa goti.

Namna kazi inavyokwenda, nimeisimamia asubuhi nzima: mmoja anajaza mkasi, anazungusha kamba, anavuta mivuto miwili mirefu na mmoja mfupi wa kuegemea kwa mgongo, tak, kabari inashika. Mwenzake tayari ana katani begani. Anapitisha uzi mmoja vidole vinne kushoto mwa kamba, wa pili karibu na vichwa, anafunga bila haraka. Kamba inaachiwa. Tita linatoa sauti kama mtu anayeketi, linajaza zile nyuzi, basi. Kipenyo: 41, mara 42. Nilifurahi kuliko siku nilipomaliza geti la kanisa.

Ushindi uliooza

Ningependa kisa kiishie hapo. Matita 40 ya kwanza yalipofunguliwa Buhongwa wiki tatu baadaye, 11 yalikuwa na kuvu moyoni, jeupe na la kijivu, na harufu ya pombe iliyolala. Mwaka uliotangulia, na ufungaji wetu mbovu, hatukupata tita lenye kuvu hata moja.

Sababu ni ile hewa. Matita yaliyolegea yalikuwa yakiendelea kukauka njiani na bandani, kwa kuwa yalikuwa nusu upepo. Mimi niliondoa upepo. Bua lililokatwa siku tatu nyuma bado lina maji katika kiini chake cheupe hata kama majani yake yanachakarika, na ukilibana kwa nguvu, maji hayo hayana pa kwenda. Joto linapanda, kuvu linaota. Zana nzuri ilikuwa imeondoa kosa lililokuwa likitulinda bila sisi kujua. Nadhani hili ndilo jambo ambalo mtu anayenakili kabari yangu atalikosea kwanza, kwa hiyo nalisema kwa urefu.

Babu hakushangaa. Alisema zamani mabua ya mtama ya kuezekea hayakufungwa kabla ya kulia. Kulia? Akachukua bua, akalivunja mbele yangu: lilipinda, likachanika upande mmoja, kimya. Akaenda kwenye rundo la zamani, akavunja jingine. Tak. "Hili limelia." Tangu hapo ndiyo kipimo chetu. Mabua yanakatwa, yanasimamishwa shambani kwa misonge midogo ya mafungu yasiyobanwa, yanakaa wiki mbili hadi tatu za jua la Julai, na tita halifungwi mpaka mabua matatu ya katikati yalie. Faida nyingine ikaja bila kuitwa: bua kavu halisinyai tena baada ya kufungwa. Yale mabichi yalisinyaa ndani ya wiki moja hata tita nililolibana kwa jasho likawa linaingiza ngumi.

Kulikuwa na gharama upande wa pili. Mabua makavu saa saba mchana yanapukutisha majani kama karatasi zilizoungua, na majani ndiyo sehemu ng'ombe anayoitaka. Shina ni la kutafuna tu. Sasa wanafunga kuanzia alfajiri hadi kama saa tatu, umande ukiwa umelainisha majani bila kuingia kwenye shina. Jua likishika wanaacha, wanakwenda kukata mengine. Inachukua siku nyingi zaidi, na Babu hapendi kuamka saa kumi na moja kwa ajili ya mabua. Ananiambia hivyo kila nikipiga simu.

Hesabu, na katani

Gari lilibeba matita 48 badala ya 30. Hesabu ya chaki ilidai 56, lakini matita ya duara yanaacha pengo kati yake, na hatukuweza kupanda juu zaidi bila kuogopa upepo. Upepo huo si hadithi: tangu Juni 2025 tunavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, na ziwa linapuliza pale kutoka upande. Tulisimama mara moja tu kukaza turubai. Hakuna bua lililoanguka, na tunashukuru, maana bua linaloruka kwenye daraja linaweza kumpofusha mwenye bodaboda aliye nyuma yako.

Safari sita zikawa nne: 400,000 badala ya 600,000. Lakini sitadai kwamba shangazi amechuma 200,000. Zamani mtu mmoja na goti lake alifunga matita 20 kwa saa. Sasa watu wawili wanafunga 25. Muda wa kazi umeongezeka, na kusimamisha misonge kumeongeza kibarua kingine. Baada ya kulipa vijana, kilichobaki mkononi kilikuwa kama 130,000. Kwa ng'ombe wanaokula kilo nane za mabua kila mmoja kwa siku, wakiongezewa mashudu ya pamba kwa sababu mabua hayana protini ya kutosha kutoa maziwa, matita 180 yanawalisha ng'ombe watatu miezi mitatu. Si utajiri. Ni kiangazi kimoja bila kuhangaika.

Katani ndiyo sehemu iliyonishangaza. Tulifikiri tungenunua. Babu akatupeleka kwenye mpaka wa shamba, ambako mkonge umeota kama ua tangu kabla ya shangazi kulinunua, kama ilivyo kwenye mashamba mengi ya Usukuma. Jani linakatwa, linapondwa, linakwanguliwa kwa ubapa wa panga juu ya ubao mpaka nyama ya kijani iishe, nyuzi zinaanikwa. Juisi yake inawasha mikono vibaya. Nilikwangua majani sita, nikaomba msamaha nikaenda kuchomelea.

Lakini mara niliposhika uzi ule nilielewa kwa nini manila haikuwa ikituridhisha hata kama isingeua ng'ombe. Plastiki inateleza, fundo linajilegeza kidogokidogo gari likitikisika. Katani ina manyoya, inajing'ang'ania yenyewe. Mizunguko miwili tu na imeshika. Inachekesha pia kwamba dukani kamba ya plastiki tunaiita manila, jina la nyuzi halisi za mmea wa Ufilipino, ambazo pamoja na zile za Yucatán kule Meksiko ndizo zilizokuwa zikifunga mavuno ya Wamarekani enzi za vifaa nilivyovieleza. Mkonge wetu nao ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, miche 62 ikafika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Ilipofika miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, na sehemu kubwa ya katani ya dunia ilikwenda kufunga nafaka na majani mashambani. Kisha zikaja nyuzi za plastiki, bei ikaanguka. Sisi, wajukuu wa nchi ya katani, tukafunga mabua kwa nyavu chakavu.

Kipande cha katani kikibaki horini, ng'ombe anakitafuna pamoja na mabua. Hata hivyo shangazi ametoa amri kwamba nyuzi zote zihesabiwe: kila tita nyuzi mbili, zote zinarudi kwenye ndoo. Kijana wa bandani akileta ndoo pungufu, anarudi kutafuta. Lile donge la bluu na kijani lipo ukutani, hakuna anayebishana.

Kwa sasa kuna tatizo jipya, na ni langu. Kabari ni ndogo, rangi yake ni ya chuma, na mabua yaliyokauka yana rangi inayokaribiana nayo jua likiwa chini. Mwezi uliopita moja ilipotea alfajiri wakati wa kufunga, na hakuna anayejua kama iko shambani au ndani ya tita mojawapo kati ya 30 yaliyobaki kule Buhongwa. Shangazi ana mashine ya kukatakata mabua. Kipande cha chuma cha sentimita 12 kikiingia mle, visu vyote vitakwisha, na anayelisha mashine anaweza kuumia. Kwa hiyo sasa kila tita linafunguliwa chini, linatandazwa, linapigwa kwa mkono kabla ya kuingia mashineni, na muda mwingine zaidi unaliwa hapo. Alhamisi nampelekea Babu kabari nyingine. Hii nimeitoboa tundu nikaifunga kwa mnyororo kwenye pete, na nimeipaka rangi nyekundu ya geti.